Mchana mfupi Unguja ni wa Juni, si Desemba

Ndugu yangu, umeniuliza juu ya siku yenye mchana mfupi kuliko zote mwakani hapa Unguja, ukidhani ni ya Desemba; hiyo ya Desemba ni ya Ulaya. Kwetu ni tarehe 21 Juni hivi, kusi likivuma: mchana wa saa 11 na dakika 46, wakati wa Desemba hukaribia saa 12 na nusu. Tofauti ni dakika 43 tu, huioni kwa macho. Badala yake tazama kivuli. Simika fimbo ya mita 1 penye usawa, inyooshe kwa timazi, pima siku hiyo ya Juni saa 6:25 mchana, maana saa zetu zimelitangulia jua. Kivuli kitalala kusini, sentimita 57 hivi. Fimbo ikiinama, kipimo bure. Saa ya magharibi, jua linapozama, usiifuate: ya mapema kabisa ni mwishoni mwa Mei.