Mshahara Haujui Wodi Yako

Kila kundi la wanafunzi wa uuguzi linapokuja kufanya mazoezi kwa vitendo, wiki haiishi kabla mmoja hajanivuta pembeni: "Sista, kitengo gani kina hela?" Huuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba ni aibu. Si aibu. Mimi mwenyewe niliuliza hivyo hivyo nilipoanza kazi na cheti changu, kwenye zahanati moja huko Tandahimba, mkoani kwetu Mtwara, nikajibiwa, "Wewe fanya kazi, mwanangu." Jibu hilo halikunisaidia kitu, ndiyo maana naandika haya.

Wengi wenu mmeshaona mtandaoni majedwali ya Marekani. Mwaka 2023 mshahara wa kati wa muuguzi wa usingizi (yule anayemlaza mgonjwa kwa dawa wakati wa upasuaji) kule ulipita dola 200,000 kwa mwaka, wakati wa muuguzi wa kawaida aliyesajiliwa ulikuwa kwenye dola 86,000. Mnatoka hapo mmekwisha kuchagua: usingizi. Lakini kule mtu huyo ana shahada ya juu, na kabla ya kuisomea alikwishahudumia wagonjwa mahututi. Wanalipia elimu na dhamana aliyobeba. Uingereza, kwenye hospitali za umma, muuguzi mpya wa wodi ya watoto na mwenzake wa upasuaji huanzia ngazi moja ya mshahara. Sisi tunafanana na Uingereza zaidi.

Serikalini hapa Tanzania, kinachopanga mshahara ni cheti ulichoajiriwa nacho na daraja ulilofikia. Kwenye TGHS, yaani ngazi za mishahara ya watumishi wa afya, mwenye cheti huanzia TGHS A, mwenye diploma TGHS B, mwenye shahada TGHS C. Ukae leba, ukae ICU kwa wagonjwa mahututi, ukae kliniki ya mama na mtoto, slipu ni ileile. Nilikwenda kusomea usingizi, nikarudi na ujuzi ambao mkoa mzima ulikuwa unautafuta, na mwezi uliofuata nikafungua slipu yangu: hakuna hata shilingi iliyosogea. Nilicheka peke yangu pale benki hadi mlinzi akanitazama.

Hata hiyo shahada, ipigie hesabu kabla ya kuishangilia. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wanachukua asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, na kama ulisoma kwa mkopo wa serikali, bodi inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Hapo ni asilimia 23, kodi bado, chama bado. Ukiongeza na mkopo wa kausha damu uliochukua ukisubiri mshahara wa kwanza, basi unafanyia kazi watu wengine.

Sasa tofauti iko wapi? Iko pembeni ya mshahara, na hapo ndipo vitengo vinapoachana.

Usingizi una hela ya kuitwa usiku. Vituo vingi vya afya vijijini vilipojengewa vyumba vya upasuaji ili wajawazito wasifie njiani, ghafla kila kituo kikahitaji mtu wa usingizi, na watu hao ni wachache. Kwa hiyo unaitwa. Unaitwa saa nane usiku, unaitwa Idi, unaitwa ukiwa umeinjika ugali. Posho hiyo mara nyingi hutegemea makusanyo ya kituo. Makusanyo yakiwa mabaya, jina lako linabaki kwenye daftari la madai. Hospitali binafsi nazo zitakutafuta, na hapo unaweza kutaja bei yako. Hicho ndicho nilichokipata kwa ile kozi: watu kunitafuta.

Ukunga njia yake ni nyingine kabisa, na nadhani wengi mnaidharau. Mkunga mzuri anayejua kuandika taarifa anaweza kuja kuwa mratibu wa afya ya uzazi na mtoto wa halmashauri. Huyo ana usimamizi shirikishi, yaani ziara za kukagua na kuelekeza vituo, ana semina, ana gari la kwenda Kitaya na Nanyamba, na posho ya kujikimu akilala nje. Kwa mwaka mzima, yule aliyekuwa leba anaweza kumzidi wa ICU mwenye kozi tatu. Ila mpaka ufike huko utakuwa umepokea watoto mpaka mgongo ukukatae.

ICU na dharura zamani huku kwetu zilikuwa kama hazipo. Mgonjwa mzito alipakiwa kwenye gari kwenda Muhimbili, zaidi ya kilomita 550. Tangu Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ianze kazi pale Mitengo, kijana mwenye mikono ya ICU ana mahali pa kukulia bila kuhama mkoa. Na msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, dharura hamtalala: hela imeingia, pikipiki mpya zimenunuliwa, leseni hakuna.

Afya ya akili na macho nitasema kifupi. Foleni ya wanaozitaka ni fupi, kwa hiyo ukizipenda kweli, usizikimbie kwa sababu ya maneno ya wenzako.

Kuhusu miradi, nisikilizeni vizuri. Kuna wakati kijana wa mkataba kwenye CTC, kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, alikuwa anapokea kuliko matroni wake, na sisi wa serikalini tulimwonea wivu. Mapema mwaka 2025 fedha za Marekani ziliposimamishwa, baadhi yao walipata taarifa leo, kesho wakakaa nyumbani. Sisemi mkatae mradi. Chukueni, lakini msijenge nyumba kwa mshahara wa mkataba wa mwaka mmoja.

Jambo la mwisho ni la makaratasi, na ndilo lililoniumiza zaidi. Rafiki yangu, kwenye halmashauri ambayo sitaitaja, alikwenda kusoma shahada kwa ruhusa ya mdomo. Aliporudi jina lake halikuwa kwenye mpango wa mafunzo, na kubadilishiwa kada kukachukua miaka mitatu, akifanya kazi za afisa muuguzi kwa mshahara wa diploma. Alipobadilishiwa, akaanza daraja la chini la kada mpya huku wadogo zake wa darasani wakiwa mbele. Kwa hiyo kwanza thibitishwa kazini. Kisha nenda kwa afisa utumishi, siyo kwa mganga mfawidhi peke yake, uulize jina lako limeingizwa mpango wa mwaka gani. Omba barua yenye namba ya kumbukumbu, toa nakala tatu, na moja mpe mama yako aiweke kwenye sanduku lake la khanga.