Mbolea ya kuku iache iive kwanza ndo uipeleke bustanini

Mkuu uliyeuliza utengenezeje mbolea ya bei nafuu ya mchicha na matembele huko Chanika mana ya dukani imekushinda, mimi nalima bustani Kigamboni mwaka wa 6 huu na mbolea ya chumvichumvi niliacha kununua msimu wa pili tu.

Ardhi yetu Dar sehemu kubwa kichanga, ukimwaga urea leo mvua ikapiga usiku inazama chini huko mizizi haifiki. Mboji, yaani samadi na majani yaliyooza yakaiva, inashika maji na chakula cha mmea, ndo mana naing'ang'ania.

Nachukua samadi ya banda la kuku wa nyama, ile yenye maranda, wafugaji wengi wanataka tu banda liwe safi kwahiyo unaenda na viroba vyako unalipia guta basi. Ila usiitoe bandani ukaimwaga kwenye tuta! Mimi nilifanya hivyo mara ya kwanza, siku ya 4 mchicha umebabuka kama umepitiwa na moto, matuta matatu yote nikang'oa, iliniuma sana. Samadi mbichi ya kuku ni kali mno, alafu ina vijidudu vya kuharisha na hiyo mboga wanakula watoto.

Sasa hivi narundika. Chini majani makavu ya mwembe na nyasi, juu yake samadi, kisha majani mabichi ya mlusina (ule mti wa malisho) na maganda ya ndizi ya sokoni, unamwagia maji unarudia hivyohivyo mpaka rundo lifike kiunoni, upana kama mita 1, likiwa dogo halichemki. Unyevu pima kwa mkono, ukikamua yatoke matone mawili matatu tu. Siku ya 3 au ya 4 chomeka fimbo katikati iache kidogo, ukiichomoa inatakiwa iwe ya moto kweli, joto la nyuzi 55 mpaka 65 ndo linaua vijidudu na mbegu za magugu. Geuza kila wiki, ya nje iingie ndani. Likinuka ujue maji yamezidi, ongeza majani makavu, na lisipopata moto ni kavu au samadi ndogo. Kwangu inaiva miezi 2 hadi 3, inanukia udongo uliopigwa na mvua.

Majivu usichanganye na samadi jamani, naona wengi wanafanya. Yanaifukuza naitrojeni, kile chakula kinachokuza majani, inapaa hewani, ile harufu inayochoma pua ndo pesa yako inaondoka. Majivu nyunyiza kidogo peke yake siku nyingine.

Ukitaka ya maji, kiroba cha samadi iliyoiva kining'inize kwenye pipa la maji la lita 200, koroga kila siku wiki 2, ukitumia changanya lita 1 kwa lita 3 za maji, mwagia shinani, majani usiyaguse.

Na masika ikianza tafuta turubai mapema ufunike rundo, ukichelewa nguvu yote inaondoka na maji unabaki na takataka.