Kambi ya kuteleza mawimbini Tamarindo: uliza haya kabla ya kulipa

Ndugu, umeuliza uchague vipi kambi ya kujifunza kuteleza mawimbini kwa ubao (surfing) Tamarindo, Costa Rica, ilhali hujawahi kusimama juu ya ubao. Mji umeuchagua vizuri: sehemu kubwa ya ufuo chini ni mchanga, na mawimbi yake yanamfaa anayeanza.

Kinachotofautisha kambi ni walimu. Uliza mwalimu mmoja huingia majini na wanafunzi wangapi. Wakizidi wanne, utamaliza muda mwingi ukingoja zamu. Uliza pia kama saa za masomo hufuata maji kupwa na kujaa. Kambi yenye saa ileile kila siku haiangalii bahari, inaangalia ratiba yake. Ubao wa kwanza uwe mrefu, laini, wa sponji, futi 8 au 9.

Usiku katikati ya mji kuna muziki. Kama unataka kuamka alfajiri, tafuta chumba upande wa Langosta, mtaa tulivu kusini mwa mji. Desemba hadi Aprili ni kiangazi, watu ni wengi na bei hupanda.

Na tafadhali sana, usivuke kwa miguu wala kuogelea kwenye mlango wa mto, kaskazini mwa ufuo. Mle mna mamba. Kambi isiyokuambia hilo siku ya kwanza, mimi nisingeiamini.