Nyanya zangu ziliozea kwenye udongo wa mkonge

Nyanya ya kwanza niliyochuma msimu ule ilipendeza ukiitazama kwa juu, nyekundu, imejaa mkono. Nilipoigeuza nikakuta kitako cheusi, kimebonyea, kikavu kama ngozi ya kiatu. Nikageuza ya pili, ya tatu, nikamaliza tuta zima. Duka la pembejeo waliniuzia dawa ya ukungu, nikapiga wiki tatu mfululizo, wala hali haikubadilika.

Haikubadilika kwa sababu haukuwa ukungu. Kuoza kitako ni njaa ya kalsiamu. Madini haya husafiri na maji ndani ya mmea, na kwa vile majani ndiyo yanayopoteza maji mengi, ndiyo yanayovuta sehemu kubwa. Ncha ya tunda hubakiwa na makombo. Kalsiamu ikipungua udongoni, au ukimwagilia leo ukaacha siku nne, kitako ndicho kinachoumia kwanza. Urea nyingi huzidisha tatizo, maana mmea unafanya haraka kutoa majani mengine yanayovuta tena.

Shamba langu ni ekari moja, Muheza, ardhi iliyokuwa ya mkonge. Kila msimu niliweka DAP, mbolea ya fosforasi na nitrojeni, ya kupandia na urea ya kukuzia, na kila mavuno yakishuka niliongeza kipimo. Mzee mmoja jirani, aliyefanya kazi ya kukata mkonge ujanani, ndiye aliyenifungua macho. Nilimpa shikamoo yake, akasimama akatazama yale matuta, akasema, "Mwanangu, hapa wamekata mkonge tangu sijazaliwa. Hawakurudisha kitu."

Alisema kweli. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na tangu hapo kuna mashamba yaliyovunwa miongo na miongo. Mkonge hula kalsiamu nyingi, na nyingi yake inaondoka na majani yanayopelekwa kwenye korona, ile mashine ya kusindika. Mabaki yasiporudishwa shambani, udongo unabaki mchachu na mtupu, hata kama kwa macho ni mwekundu mzuri.

Nikaamua kupima. Sisi wa Muheza tuna bahati, kituo cha utafiti cha Mlingano kipo wilayani kwetu na udongo ndiyo kazi yao. Lakini popote ulipo, sampuli ndiyo inayoamua kama majibu yatakuwa na maana. Pita shambani kwa zigizaga, chimba sehemu kama kumi na tano, kina cha sentimita 20, ukwepe kichuguu, njia na mahali palipowahi kurundikwa samadi. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki ambayo haijawahi kubeba mbolea. Anika kivulini, kisha peleka kama kilo moja tu ya ule mchanganyiko.

Majibu yangu yalikuja na pH ya 4.8; hiyo ni namba ya uchachu, ikishuka uchachu umezidi. Nyanya hutaka kati ya 6 na 6.8 hivi. pH ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu iliyomo udongoni huanza kuyeyuka na kuunguza ncha za mizizi, ikabaki mifupi na minene. Nikang'oa mche mmoja nikauona mzizi wenyewe, ulikuwa hivyo hivyo. Aluminiamu hiyo pamoja na chuma hukamata fosforasi, kwa hiyo DAP niliyokuwa nainunua kwa jasho ilikuwa inafungwa kabla mmea haujaionja. Na urea na DAP zenyewe huongeza uchachu zinapogeuka udongoni. Miaka minne nililipa fedha kuharibu shamba langu mwenyewe. Ndiyo sababu naandika haya.

Dawa yake ni chokaa ya kilimo, unga wa mawe yenye kalsiamu unaopunguza uchachu. Tanga mawe ya chokaa tunayo, mapango ya Amboni yenyewe ni mwamba huo. Kiasi usikisie wala usiige cha jirani, kinatokana na kipimo na aina ya udongo. Mfinyanzi unahitaji nyingi kuliko kichanga. Chokaa ya kupakia nyumba ni kali zaidi, usiimwage kana kwamba ni ile ile. Mimi nilimwaga mwezi wa kumi na moja, vuli ikiwa imelowesha ardhi, nikaichanganya kwa jembe, nikapanda nyanya masika ilipokwisha. Chokaa inahitaji unyevu na miezi miwili mitatu ya kufanya kazi. Usiichanganye siku moja na samadi au urea, sehemu ya nitrojeni itapaa hewani kama gesi ya amonia na utaisikia harufu yake.

DAP nimeiacha kwa sasa. Napandia mbolea ya Minjingu, inayotokana na mwamba wa fosfeti wa Manyara. Mwamba huo una kalsiamu, na uchachu uliobaki ndio unaouyeyusha. Kwenye kukuzia natumia CAN, mbolea ya nitrojeni yenye kalsiamu, badala ya urea.

Sasa kitalu, maana huko nako nilipoteza miche mingi. Udongo wa shamba, hata uwe mzuri, ukiujaza kwenye kiriba, kile kifuko cha kuoteshea miche, unashikamana. Unamwagilia, juu panaganda, chini maji yanasimama, mzizi unakosa hewa na ugonjwa wa kinyausi unafyeka miche shingoni. Nikasikia habari za kuotesha miche kwenye vumbi la makumbi ya nazi, nikachukua magunia mawili pwani, pale wanapopondea makumbi ya kutengenezea kamba. Baada ya siku kumi ncha za majani zikaungua zote. Nilisahau kitu ambacho kila mtu wa pwani anakijua: makumbi yale hufukiwa ufukweni miezi mingi ndipo yapondwe. Vumbi lilikuwa na chumvi ya bahari. Siku hizi naloweka kwenye pipa la maji matamu, namwaga, narudia mara tatu au nne, ndipo nachanganya na samadi iliyoiva na mchanga wa mtoni. Kabla ya kutia mbegu ya bei ghali, napanda maharage matano kwenye kopo la mchanganyiko huo. Yakitoka majani safi kwa wiki mbili, naendelea.

Samadi ya kuku ndiyo inayowaponza wengi. Ikiwa mbichi inaunguza mizizi. Chomeka kijiti katikati ya rundo, subiri dakika chache, kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto, bado. Geuza rundo, lipe unyevu, rudi baada ya wiki. Iliyoiva hunusa kama udongo wa msituni baada ya mvua, na hutaona tena unyoya wala pumba.

Mwaka huu nilipima tena, pH imefika 5.6. Haijafika ninapotaka, na vuli ijayo nitamwaga chokaa awamu ya pili. Lakini juzi nilichuma madebe saba kwenye yale matuta, nikakaa chini ya mwembe nikageuza nyanya moja moja. Vitako vyeusi vilikuwa kumi na vitatu, na karibu vyote vimetoka kwenye tuta la mwisho, ambalo mpira wa maji haulifikii vizuri.