Makundi ya walimu: faili zimejaa, maswali hayapo

Simu ya mwalimu wa Mbeya au Iringa siku hizi haikosi makundi ya WhatsApp. Kuna la shule, la kata, la wilaya, la SACCOS, la tuliosoma pamoja chuoni, na lile la somo ambalo mtu alikuunga bila hata kukuuliza. Ukilifungua hilo la somo asubuhi unakuta azimio la kazi la darasa la nne, andalio la somo lisilo na mwaka, mwalimu wa Makete anayetafuta wa kubadilishana naye kituo aje Mbeya Jiji (tumwombee), tangazo la mkopo wa fasta bila mdhamini, taarifa ya msiba, na "Amina" zisizohesabika. Aliyeuliza namna ya kufundisha kitu, hayupo.

Nafundisha Hisabati shule ya msingi huku Rungwe. Faili nilizojaza kwenye simu zimenisaidia kwenye ukaguzi, sikatai, ila darasani zimenisaidia kidogo sana. Walionisaidia darasani ni walimu wachache walio mbali na shule yangu. Nawauliza jambo moja mahususi, najaribu walichoniambia, kisha narudi kuwaeleza kilichotokea. Kama unataka mtandao wa walimu wenzako unaokujenga kikazi, mimi nakushauri uanzie hapo, wala si kwenye kutafuta kundi lenye watu wengi.

Utaniuliza, kwa nini mbali wakati shuleni tuna jumuiya ya ujifunzaji ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini? Tunayo, na inafaa. Lakini shule nyingi za huku mwalimu wa Hisabati wa darasa la tatu ni mmoja tu. Kikaoni unakaa na wa Kiswahili, wa Sayansi, na mwalimu mkuu yupo. Tuseme ukweli, yapo maswali ambayo mtu hayatoi mbele ya anayepima utendaji wake. Mwalimu wa Mbozi hana habari na tathmini yako. Kwake utasema waziwazi kwamba somo limekushinda.

Nitoe mfano, maana ushauri bila mfano ni maneno tu. Darasa la tatu, kutoa namba za tarakimu tatu: 402 kutoa 178. Jibu ni 224. Madaftari yalirudi na 376, tena mengi. Unaweza kuweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu ukaandika "fanya tena", nao watafanya tena na kupata 376 ileile. Watoto hawa hawakubahatisha. Kila safu wametoa ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu: 8 kutoa 2 ni 6, 7 kutoa 0 ni 7, 4 kutoa 1 ni 3. Wana kanuni yao, na wanaifuata kwa uaminifu kuliko wanavyofuata ya kwetu.

Nikapiga picha ukurasa mmoja, jina nimelifunika, nikaandika kwenye kundi letu dogo: "Darasa la tatu. Wakikutana na 52 kutoa 38 wanakopa vizuri. Ikija sifuri katikati, wanatoa ndogo kwenye kubwa. Nimerudia ubaoni, bado. Ninyi mnapitia wapi?"

Angalia swali lenyewe lilivyo. Linataja darasa, kosa, mahali kosa linapoanzia, na nilichokwisha kujaribu. "Jamani naomba msaada kutoa namba" lingeletewa PDF.

Mwenzetu wa Mbozi akajibu kwamba niache ubao kwanza, nishike vijiti. Vifungwe mabunda ya kumi, na mabunda kumi yafungwe pamoja kuwa mia. Mtoto mwenye mabunda manne ya mia na vijiti viwili, ukimwambia atoe vijiti vinane, anaona kwa macho yake kwamba havipo. Bunda la kumi la kufungua nalo halipo. Inabidi afungue la mia apate makumi kumi, halafu afungue moja ya hayo makumi apate vijiti. Ni kufungua mara mbili, na ubaoni hatua hizo mbili huwa tunazipita haraka kwa kukata tarakimu na kuandika vidogo juu. Wa Mufindi akaja na njia nyingine kabisa: kabla hawajatoa, wakadirie. 402 ukitoa 100 tu unabaki na 302, na sisi tunatoa zaidi ya 100. Sasa 376 itatoka wapi? Wa tatu alituma sauti ndefu kuhusu nidhamu ya watoto wa siku hizi. Nilimshukuru.

Nilijaribu zote mbili, na nikarudi kuwaambia. Vijiti vilifanya kazi, ila kwa darasa kubwa ni vurugu, vinatapakaa hadi chini ya madawati. Ni bora mabunda yakae mezani mbele na watoto waje kwa zamu kufungua huku wengine wanaandika. Kukadiria kuliwafaa zaidi waliokuwa tayari wepesi, wengine waliona nimewaongezea kazi. Taarifa hiyo ilizaa mazungumzo marefu kuliko swali lenyewe, kwa sababu wa Mufindi alitaka kujua nilianza kukadiria kwa namba gani. Watu wengi hawarudi. Wanachukua, wanasema "asante mwalimu", wanatokomea, kisha wanashangaa swali lao la pili halijibiwi.

Watu wa namna hii utawapata wapi? Kundi kubwa ni stendi: hukai pale kutwa, unapita ukiangalia nani anaelekea unakoelekea wewe. Mtu akiandika "mimi kwa darasa langu nilifanya hivi, wakakwama pale", huyo mfuate inboksi. Msalimie kwa heshima, jitambulishe shule na darasa, muulize jambo moja dogo. Wengine utawapata kwenye semina, kwenye usahihishaji, au kati ya mliosoma nao Mpuguso, Kleruu au kokote ulikosomea. Mkifika watano au sita wa somo moja na darasa moja, anzeni. WhatsApp inaruhusu zaidi ya watu 1,000 kwenye kundi moja, lakini sioni sababu ya kukimbilia huko. Watu wakizidi, wenye haya wananyamaza, na wenye haya mara nyingi ndio wenye maswali ya maana.

Masharti tuliyojiwekea ni machache. Misiba, harusi na siasa zina makundi yake. Tangazo la mkopo linafutwa siku hiyohiyo, kausha damu, hao wakopeshaji wa riba za kuumiza, wametumaliza vya kutosha. Atakayeleta kinachoitwa mtihani uliovuja anatolewa bila mjadala; kwa jambo hilo sina lugha laini, unaweza kupoteza ajira kwa kitu ulichopokea na kusambaza tu. Na mtoto hatajwi jina wala kuonyeshwa sura. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata isingekuwepo, mzazi hakumleta mtoto shuleni ili makosa yake yachekwe na walimu wa mikoa minne.

Kuhusu faili, uliza kwanza: ni za mtaala upi? Mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa madarasa ya mwanzo, likiwemo la tatu, na mpaka leo bado zinazunguka karatasi za muhtasari wa zamani zisizo na tarehe. Vitabu vya kiada navyo havina haja ya kurushiana. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania inavyo, vinasomwa bure.

Bando ni shida ya kila mtu, na Tukuyu mvua ikianza mtandao nao unaaga. Zima upakuaji wa picha na video unaojifanya wenyewe. Swali liandike kwa maneno, maana maandishi hupita hata mtandao ukiwa dhaifu. Picha iwe ya ukurasa mmoja. Sauti isizidi dakika moja, na ukiwa na mengi ya kusema, piga simu.

Video za walimu wa Kenya na kwingineko nazo zimo YouTube, nazitazama nikiwa mjini kwenye mtandao wa kueleweka. Nikiona wazo zuri nalileta kwenye kundi kwa maneno yangu ya sentensi mbili tatu, ili mwenzangu asichome bando kutafuta dakika moja yenye faida.

Halafu msiwaache wasio na simu janja. Kati yetu yupo mwalimu mstaafu wa Ileje, ana kitochi na hana mpango wa kukibadilisha. Amefundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kwa miaka mingi, na mtoto anayechanganya L na R anamjua kabla hajamaliza sentensi. Swali likimhusu, mmoja wetu anampigia, Mwalimu anaeleza taratibu na kutaka kujua kwanza mtoto anasikia vizuri au la, kisha aliyepiga anaandika majibu kwenye kundi. Vocha ya simu hiyo tunapokezana.