Kosa langu lilikuwa mfuniko

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni pishi gani ambalo msomaji amelikosea mara kadhaa kabla ya kulipatia, na alikuwa akikosea wapi. Langu ni siagi ya matufaha yenye viungo, ambayo licha ya jina lake haina hata tone la maziwa: ni matufaha yaliyopikwa kwa saa nyingi hadi yakawa mazito, ya rangi ya kahawia iliyokolea, na laini kiasi cha kupakwa kwenye mkate. Nilikuwa nikiipika katika sufuria ya umeme ya kupikia polepole, na mara tatu mfululizo niliambulia uji, mtamu kweli, lakini uliotiririka hadi kwenye sahani.

Mara ya kwanza nililaumu matufaha, mara ya pili nikalaumu sukari. Mara ya tatu niliinua mfuniko ili nionje, na maji yaliyokuwa yametanda upande wake wa ndani yakachuruzika yote kurudi sufuriani mbele ya macho yangu. Sufuria ile imeundwa ili maji yasitoke. Mvuke hupanda, hugonga mfuniko, hugeuka matone na kurudi chini, jambo linalofaa sana kwa nyama ngumu. Tufaha, hata hivyo, ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, na kazi yote ya pishi hili ni kuyaondoa maji hayo bila kuunguza kinachobaki.

Siku hizi nachukua kilo 3 za matufaha, makali na matamu kwa pamoja, nayatoa mbegu na sehemu ngumu ya katikati, nayakata vipande vidogo na kuyaachia maganda, kwa kuwa maganda yana pektini inayosaidia kuleta uzito, na blenda itayamaliza baadaye. Natia maji nusu kikombe na maji ya limau moja, nafunika, kisha naacha kwenye joto la chini kwa saa 8, kwa kawaida usiku kucha. Asubuhi vipande vikiguswa tu na mwiko vinavurugika. Nasaga, na hapo ndipo shughuli yenyewe inapoanza. Naulaza mwiko wa mbao juu ya mdomo wa sufuria, nauegemeza mfuniko juu yake ili mvuke upate pa kutokea, napandisha joto, na kwa saa 3 au 4 nakoroga kila baada ya nusu saa nikikwangua pembeni, maana ndiko kunakoanza kushika. Kuuondoa mfuniko kabisa sishauri: rojo zito huchemka kwa mapovu yanayopasuka na kurusha matone ya moto, na ukuta wa jikoni kwangu ungali na ushahidi.

Sukari, gramu 250 hivi za ile ya kahawia, naitia baada ya kusaga na kuonja, si mwanzoni, kwa sababu sukari huchelewesha vipande kulainika, na pia utamu wa matufaha yenyewe huongezeka kadiri maji yanavyopungua. Viungo husubiri saa ya mwisho, la sivyo harufu yake huondoka na mvuke: vijiko 2 vya chai vya mdalasini, nusu kijiko cha tangawizi ya unga, robo ya kungumanga, na robo ya karafuu, wala si zaidi. Karafuu haina adabu. Ukiizidisha utadhani umetoka kwa daktari wa meno.

Kujua kama imeiva, naweka kijiko kimoja kwenye kisahani kilichopozwa kwenye friji. Ikizungukwa na duara la majimaji, bado. Ikikaa kama kichuguu kidogo bila kuvuja, ninazima. Hubaki chupa 4 au 5 za robo lita, nazo hukaa kwenye friji kwa wiki 3, au kwenye friza kwa miezi kadhaa, mradi chupa isijazwe hadi juu, kwani ikiganda hutanuka.

Ule uji wa mara ya tatu sikuutupa. Niliurudisha sufuriani siku ileile, mwiko chini ya mfuniko, na jioni ukapakika.