Shangazi, mke wangu ameleta mbwa wa maabara

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mzaliwa wa Nakuru, naishi Minneapolis, Marekani, na mke na watoto wawili. Mke wangu ametuletea mbwa aina ya beagle aliyetolewa maabara. Habweki, halindi, kila nikiingia anakojoa sakafuni na kujificha nyuma ya mashine ya kufulia. Mke wangu akitoka kazini anaketi chini naye, hana habari nami. Fomu nilitia sahihi ili tu kuwe na amani. Huwa namkemea kidogo tu, sijawahi kumpiga. Nataka alale kwenye banda la gari au arudishwe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Je, nimekosea? – Baba Wawili*

Marahaba, mwanangu. Pole, najua kufuta mkojo baada ya kazi si raha. Pole zangu zimeishia hapo.

Barua yako imekusema mwenyewe. Mbwa anakojoa "kila nikiingia". Hukuandika kwamba anakojoa mama akiingia, wala watoto. Na hiyo "kidogo tu" siiamini. Mimi naona mtu anayebamiza mlango na kupaza sauti kabla hajavua viatu, na mnyama anayejikojolea kwa hofu.

Hebu mjue aliyemo nyumbani mwako. Maabara hupenda beagle kwa sababu ni mdogo na mpole. Hata akidungwa sindano ni nadra kuuma. Upole wake ndio uliomponza. Amekulia kizimbani, akijisaidia pale pale alipolala. Ngazi, nyasi, televisheni, vyote ni vipya kwake. Mfunue sikio, huenda ukakuta namba iliyochanjwa kwa wino. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Methali ya jembe nayo umeikosea. Jembe lake alilishika kabla hajafika kwako: dawa nyingi tunazomeza zilipitia kwanza kwa mbwa kama huyo. Kulinda nyumba si deni lake.

Banda la gari lisahau. Usiku wa Januari huko kwenu hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na beagle ana manyoya mafupi. Wala mkeo hajazua jambo. Minnesota ndiyo jimbo la kwanza Marekani, mwaka 2014, kuzitaka kwa sheria maabara za vyuo zinazopokea fedha za umma ziwatoe mbwa na paka wakalelewe majumbani. Mwaka 2022 beagle wapatao 4,000 waliondolewa kwenye kituo cha kuzalisha mbwa wa maabara huko Cumberland, Virginia, baada ya serikali kwenda mahakamani, na familia zikawapokea. Mwanamke aliyemfungulia mlango kiumbe kama huyo ana moyo. Mimi niko upande wake.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe, ambao si mbwa. Ndoa za siku hizi zinaliwa na hizi "ndiyo" za mdomoni tu. Mume anakubali ili apate usingizi, mke anakubali ili apate amani, kisha kila mmoja anakaa akisubiri mambo yaharibike aseme "nilijua". Wazee wetu walikuwa wakali, lakini hapana yao waliisema mapema, barazani, watu wakaijadili ikaisha. Ninyi mnaificha kwenye fomu. Halafu unalalamika mkeo haongei nawe! Ukifika nyumbani unaongea naye nini zaidi ya bili na ugali? Ukipenda boga, penda na ua lake.

Leo ingia taratibu. Usimwendee mbwa, usimkazie macho. Keti chini karibu na mkeo, tupa kipande cha kuku, mwache aje mwenyewe. Huenda ikachukua miezi. Mtoe nje mapema asubuhi na kila baada ya kula, akikojoa huko msifu papo hapo. Akikojoa ndani, futa kimya. Mvalishe mkanda wa kifuani na umfunge kamba mbili, maana mbwa wa namna hii akishtuka hutoroka. Halafu mwambie mkeo kwamba ile sahihi uliitia shingo upande. Atakasirika, na ana haki.

Kuhusu kumrudisha, someni mkataba: mashirika mengi hutaka mbwa arudi kwao, si kupewa jirani. Lakini hilo mliamue wawili, na usimwambie mkeo kwamba Shangazi amekuruhusu.